Ng'ombe Aliyeingia Kwenye Orodha

Biharamulo,
6 Machi 2023

Kwa Bw. Protasi Ntwari, Rulenge (mdai)
na Bw. Wiston Ndassa, Lusahunga (mdaiwa)

YAH: KUVUNJWA KWA UBIA WA MASHINE YA KUSAGA, LUSAHUNGA

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mahakama imeamuru ubia wenu ulioanza mwaka 2012 uvunjwe, mali zake ziorodheshwe, ziuzwe kwa mnada, na kila mmoja apewe nusu. Mimi nimeteuliwa kusimamia kazi hiyo. Sikuiomba.

Kwa kuwa siku ya hukumu mlishikana mashati kwenye korido, na mmoja wenu ana miaka sitini na sita, hakimu ameagiza msipigiane simu wala kufuatana majumbani mpaka kazi iishe. Mnachotaka kuambiana mkiandike na mkipitishe kwangu. Mkiandika, nendeni moja kwa moja kwenye hoja. Salamu na habari za mvua ziacheni. Nina mafaili mengine kumi na manne mezani, na kila faili lina watu wawili waliokuwa wakila sahani moja.

Bw. Wiston, mashine iko kwako, hivyo wewe ndiye utakayeandika orodha ya mali zote na kuiapia, ndani ya siku kumi na nne. Usifiche kitu. Kikigundulika baadaye, mahakama itahesabu kuwa umeidharau.

Scholastika Danstan
Msimamizi


Lusahunga,
18 Machi 2023

Kwa Bw. Protasi Ntwari, kupitia kwa msimamizi

Orodha niliyoiapia ndiyo hii. Nimeambiwa nisiweke salamu, sijaweka.

Kuna mashine ya kusaga na mota yake, na mashine ya kukoboa ambayo unajua mwenyewe inavyosumbua. Kuna mizani mbili, moja mbovu. Banda na kiwanja chake hapa barabarani. Pikipiki, maturubai manne, cherehani ya kushonea magunia, meza, mabenchi mawili ya wateja. Hayo yote yamefika namba kumi.

Namba kumi na moja ni ng'ombe wako wa mwaka 2012, yule wa kahawia mwenye doa jeupe kifuani. Yupo, amezeeka, meno yamemwisha. Uzao wake ulio hai ni tisa, majike sita na madume matatu. Waliokufa ni wanne. Watatu waliondoka na ugonjwa wa ndigana, na mmoja aligongwa na lori la mafuta hapahapa mbele ya mashine. Ngozi zao zote ninazo, zimekauka, ziko darini. Sijauza hata mmoja, sijachinja hata mmoja.

Nimewaandika wote ili usije ukasimama tena mbele ya watu ukaniita mwizi. Kwenye leseni ya mashine uliniita hivyo. Niliandika jina langu peke yangu kwa sababu halmashauri walitaka jibu siku ileile, na wewe ulikuwa hospitali na mkeo, mama Nice, nikaona si vizuri kukusumbua na makaratasi. Kosa langu ni kwamba nilikaa miaka miwili bila kukwambia. Lakini kwa ng'ombe hutanipata.

Wiston Ndassa


Rulenge,
2 Aprili 2023

Kwa Msimamizi

Mama, nimeipokea orodha. Namba moja mpaka kumi nakubali. Uzeni, gawanyeni, mnavyoona. Mizani mbovu mpeni Wiston, atajua wa kumpimia.

Namba kumi na moja siijui. Mimi sina ng'ombe Lusahunga. Mwambieni aifute.

Nimeona pia kwamba ameniandikia barua isiyo na hata shikamoo. Nimemjua tangu mwaka 1996, kambini Lukole, wakati wa wakimbizi, mimi nikiuza ndizi na yeye akileta unga kwa baiskeli kutoka Biharamulo, kijana mwembamba kabisa. Miaka yote hiyo hajawahi kunipita bila shikamoo. Hata siku ile ya korido alianza na shikamoo, ndipo akanishika shati. Sasa ameniandikia kama anayeandikia benki.

Mimi nimechoka. Fanyeni haraka.

Protasi Ntwari


Lusahunga,
12 Aprili 2023

Kwa Msimamizi

Mama Scholastika, nimesoma nakala ya barua ya Mzee Protasi. Shikamoo ni wewe uliyeikataza, na naomba umweleze hivyo.

Kuhusu ng'ombe, naomba nikueleze ukweli wote, maana naona mtego.

Mwaka 2012, wiki mbili baada ya kufunga mashine, Mzee Protasi alikuja na Fuso kutoka Rulenge. Akamshusha ng'ombe jike, mtamba, amefungwa kamba mpya. Akaniambia nimwingize zizini. Mke wangu Yuster akamletea maziwa ya mgando, akanywa, akatoa kofia, akaivaa tena, akaondoka. Hakusema neno lingine. Mimi ni Msukuma. Baba yangu alitoka Sengerema akaja kulima huku. Kwetu ng'ombe akiingia zizini kwako na si wa mahari, basi umewekewa. Unamtunza, maziwa unakunywa, samadi unapata, na mwenyewe akija siku yoyote unamwonyesha walivyozaana. Aliyekufa unaonyesha ngozi yake. Nikajua mwenzangu ameongeza mtaji wake kwa njia hiyo, kwa sababu fedha taslimu nilizotoa mimi zilikuwa nyingi kuliko zake. Sikuuliza. Mtu mzima humwulizi.

Miaka kumi na moja nimewatunza hao ng'ombe kwa hofu. Mwanangu aliugua mwaka 2017, nikauza shamba la mihogo, ng'ombe sikugusa, kwa sababu si wangu. Leo ananiambia hana ng'ombe Lusahunga! Kesho nikisema basi ni wangu, wakili wake atasimama na kusema, mnaona, amekula na ng'ombe.

Sifuti namba kumi na moja. Nimeapa.

Wiston Ndassa


Biharamulo,
20 Aprili 2023

Kwa Bw. Protasi Ntwari, Rulenge

YAH: NG'OMBE KUMI (10) WALIO LUSAHUNGA

Katika kazi hii nimezoea watu kugombania mali. Hii ni mara yangu ya kwanza kuona watu wawili wanasukumiana ng'ombe kumi, kila mmoja akisema ni wa mwenzake.

Mimi ni mtu wa Mwanza mjini, wala ng'ombe siwajui. Sheria ndiyo ninayoijua, na yenyewe ina njia tatu tu. Ama ng'ombe ni wa ubia, ama ni wako, ama ulimpa Bw. Wiston iwe zawadi. Kama ni zawadi, andika mstari mmoja: "Mimi Protasi Ntwari nilimpa Wiston Ndassa ng'ombe huyu bure." Weka sahihi na mimi nitawatoa kwenye orodha siku hiyohiyo.

Usipoandika, watauzwa pamoja na mashine tarehe 30 Mei. Dalali ameshanipigia kuuliza kama wanachinjika.

Salamu zimekatazwa kwa agizo langu, si kwa kiburi cha Bw. Wiston. Naomba radhi.

Scholastika Danstan
Msimamizi


Rulenge,
1 Mei 2023

Kwa Msimamizi

Mama, mstari huo sitauandika.

Sikatai kwa ubishi. Kuna jambo mtu halisemi kwa kinywa chake mwenyewe, na kwa kalamu ni vibaya zaidi. Anayepaswa kulisema ni mwingine, naye ameshalisema alivyoliona. Ameliweka kwenye orodha, chini ya mabenchi ya wateja, akalipatia namba.

Wauzwe. Ila dalali usimpe namba yangu ya simu.

Protasi Ntwari


Rulenge,
8 Mei 2023

Baba mdogo Wiston,

Shikamoo. Mimi ni Nice, wa Mzee Protasi. Barua hii nimempa kondakta wa basi akuletee mkononi, haipiti kwa msimamizi. Ningekupigia, lakini baba siku hizi hatoki nyumbani, anakaa barazani na masikio yake bado mazima. Ukimwambia nimekuandikia nitakana.

Nimezisoma barua zenu zote, kwa sababu mimi ndiye ninayemsomea. Macho yake yamepungua sana. Nilipofika mahali ulipoandika kuhusu ngozi zilizo darini, aliniambia nirudie. Nikarudia. Akaniuliza, "Amezitunza kwa nini?" Mimi sikujua. Ndiyo maana nikaelewa kwamba hata yeye hakujua mila ya kwenu, kama wewe usivyoijua ya kwetu.

Baba mdogo, yule ng'ombe hukuwekewa. Ulipewa. Sisi Wahangaza tunaita kugabira. Mtu akikupa ng'ombe namna ile, amekufanya ndugu yake, wewe na watoto wako na wajukuu. Haina uhusiano na mashine wala mtaji. Na aliyetoa hamtaji ng'ombe huyo tena maisha yake yote. Akimtaja, ni kama anakudai shukrani, na zawadi inakufa hapo. Anayemtaja ni aliyepewa. Anasimama mbele za watu, arusini au msibani, anasema: huyu mnayemwona alinipa ng'ombe.

Baba alikungoja useme. Kwenye arusi ya dada Tecla ulipewa nafasi, ukasimama, ukasifu mashine. Dakika kumi nzima za mashine. Baba alikuwa anatazama chini. Mama alipofariki ulilala kwetu matanga siku saba, kaburi ulichimba kwa mikono yako, na siku ya mwisho wazee wakauliza kama kuna mwenye neno. Ulilia tu. Baba akatuambia baadaye, "Labda hakumpenda yule ng'ombe."

Mimi nakwambia ninavyomjua baba yangu. Leseni ilimkasirisha mwezi mmoja. Hili limemkaa miaka kumi. Alipokwenda kwa wakili hakuwa na cha kushtakia zaidi ya leseni, kwa sababu hakimu gani angepokea kesi ya mtu ambaye hakushukuriwa?

Sasa umemwandika ng'ombe kwenye orodha ya kugawana. Kwake umesema mbele ya serikali kwamba undugu haukuwapo, ilikuwa biashara tangu siku ya kwanza. Na kusaini ule mstari hawezi. Atakufa kabla hajausaini.

Sijui utafanya nini. Nimeona tu usiuze bila kujua unachouza. Msalimie mama mdogo Yuster.

Wako,
Nice


Lusahunga,
17 Mei 2023

Kwa Msimamizi

Mama Scholastika,

Naomba kufika mbele ya hakimu kabla ya mnada ili nibadilishe kiapo changu kuhusu namba kumi na moja. Usiniulize kwa barua nimejuaje, kwa sababu sitakujibu.

Mwanasheria niliyemwuliza hapa ameniambia ni hatari. Nitaonekana nilidanganya mwanzo au nadanganya sasa, na kwa vyovyote nitaonekana nataka kubaki na ng'ombe kumi peke yangu. Hata Yuster kasema watu wa Lusahunga watanicheka, kwamba Wiston kaona bei ya ng'ombe imepanda. Wacheke. Nina miaka hamsini na minane. Nimelala usingizi mbaya tangu Februari, na nataka niseme jambo hili wakati mwenyewe yupo mahakamani anasikia.

Kwa hiyo ombi langu la pili ni kwamba Mzee Protasi aitwe siku hiyo. Usimwambie kwa nini.

Wiston Ndassa


Biharamulo,
27 Mei 2023

Kwa Bw. Protasi Ntwari, Rulenge

YAH: UAMUZI KUHUSU NAMBA KUMI NA MOJA

Jana uliondoka mahakamani kabla shauri halijaisha, ukamwacha binti yako na kofia yako kwenye benchi la nyuma. Ni wajibu wangu kukujulisha yaliyofuata.

Mwanzo uliusikia. Bw. Wiston alisimama, hakimu akamwuliza kama anathibitisha orodha. Akasema hapana. Kisha akageuka, akaipa meza ya hakimu mgongo, jambo lisiloruhusiwa, akawaambia watu waliokaa nyuma, ambao wengi wao walikuja kwa kesi ya mpaka wa shamba na hawamjui kabisa: "Yule mzee pale alinipa ng'ombe. Mwaka 2012. Alikuja naye kwa Fuso kutoka Rulenge. Nimekunywa maziwa yake, watoto wangu wamekunywa, na sijawahi kusema. Leo nasema." Hapo ndipo ulipotoka.

Hakimu alimwuliza mara tatu kama anaelewa kwamba anapingana na kiapo chake. Akajibu mara tatu kwamba alipoapa alikuwa mjinga, hakuwa mwongo. Wakili wako alisimama kupinga, akaeleza kwamba ng'ombe wale ni mali kubwa kuliko mashine. Akaomba muda awasiliane na mteja wake. Mteja wake hakuwapo, simu yake imezimwa. Hakimu akangoja nusu saa. Mwishowe akasema kama mdai mwenyewe ameandika kwamba hana ng'ombe Lusahunga, na mdaiwa anasema alipewa, basi yeye haoni ugomvi uko wapi. Ng'ombe wametolewa kwenye orodha. Bw. Wiston ametozwa faini kwa kiapo cha kwanza, na amelipa.

Mashine na vingine vyote vitauzwa tarehe 30 kama ilivyopangwa.

Kofia yako ninayo ofisini.

Scholastika Danstan
Msimamizi


Biharamulo,
14 Juni 2023

Kwa Bw. Protasi Ntwari, Rulenge
na Bw. Wiston Ndassa, Lusahunga

YAH: KUFUNGWA KWA FAILI

Mashine na banda vimenunuliwa na mfanyabiashara mmoja ambaye amesema ataweka duka la vipuri vya malori. Mizani mbovu haikupata mnunuzi. Kila mmoja wenu ameshapokea nusu yake na kusaini. Kwa barua hii ubia umekwisha, na kati yenu hakuna tena haki wala wajibu wowote unaotokana nao.

Zuio la kuwasiliana limeondolewa. Salamu sasa zinaruhusiwa.

Nimebakiwa na mafaili kumi na manne.

Scholastika Danstan


Lusahunga,
25 Juni 2023

Mzee Protasi,

Shikamoo. Shikamoo na ya Machi, na ya Aprili, na zote ambazo sikuandika.

Natumaini Nice atakusomea hii polepole. Simu yako bado imezimwa, na kuja mwenyewe nimeona aibu. Leo asubuhi walikuja kung'oa mota. Nilikaa upande wa pili wa barabara nikatazama mpaka wakamaliza, halafu nikafagia pumba zilizobaki, ingawa banda si langu tena. Yuster aliniita mara mbili nikale, sikusikia.

Nimekaa nikiwaza jinsi nilivyokuwa nikipita zizini kila asubuhi kwa woga, nawahesabu, naogopa siku utakapokuja kuwataka. Ningejua, ningewapita kwa raha. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mashine.

Nimewauliza watu wa kwenu wanaopita na malori hapa. Dereva mmoja wa Ngara ameniambia kwamba aliyepewa ng'ombe, akishajaliwa, humrudishia aliyempa ndama jike, na kwamba mimi nimechelewa sana. Ninaye mmoja, mjukuu wa yule wa kwanza. Ni wa kahawia vilevile, doa liko kifuani. Amekwisha kuachishwa. Nimeshazungumza na mwenye Fuso, Jumamosi ya tarehe 8 anapita Rulenge. Nitakuja naye mwenyewe, ili tumalize vizuri, nisibaki na kitu chako.

Wiston


Rulenge,
1 Julai 2023

Wiston,

Marahaba. Zote nimezipokea.

Anayeandika ni Nice, maneno ni yangu. Nimemwambia asirekebishe.

Siku ile mahakamani sikutoka kwa hasira. Nilitoka kwa sababu machozi yalikuwa yananijia mbele ya wakili niliyemlipa akutukane. Nilikwenda nikakaa kwenye ukuta wa choo cha mahakama mpaka Nice akanikuta. Ulisema vizuri. Ulisema mbele ya watu wasiotujua, lakini ulisema.

Sitakudanganya, leseni bado inaniuma kidogo. Na mimi nilikosa. Nilikuona kwenye arusi ya Tecla ukisifu mota kama mchumba, nikajua hujui, halafu nikachagua kuamini kwamba unajua. Ilikuwa rahisi zaidi kukasirika kuliko kukuuliza. Yule mama wa mahakama anaandika kwamba ubia umekwisha, na ni kweli, umekwisha. Sina nguvu ya mashine nyingine, wala wewe.

Sasa sikiliza habari ya ndama. Dereva wako amekwambia kweli. Hurudishwa ndama jike, na wewe umechelewa. Lakini Jumamosi usije naye.

Kila tulichokuwa nacho pamoja kimeandikwa, kimeuzwa, kimegawanywa, kimegongwa muhuri. Nimesaini kila karatasi waliyoniletea. Nimebaki na kitu kimoja tu upande wako, na ni huyo ndama. Ukimshusha hapa Jumamosi, utarudi Lusahunga mweupe, hudaiwi, na mimi asubuhi nitaamka sina sababu ya kumwuliza dereva yeyote kama Wiston yupo, kama anaumwa, kama zizi lake limejaa tope. Mimi ni mzee. Sababu za namna hiyo zimeniishia karibu zote.

Wewe njoo. Njoo Jumamosi mikono mitupu, ule, ulale, urudi. Ndama mwache akue, azae huko. Siku Nice atakapokupigia simu kwamba nimeondoka, hapo ndipo umlete. Mfunge mahali ambapo watu wote watamwona, kisha useme tena kama ulivyosema siku ile.

Mpaka hapo nakudai, na ninakuomba usinilipe.

Protasi